Godoro la springi za mifuko lenye pilotopu: chunguza juu kabla ya kuhesabu springi

Muuzaji atakuanzia na idadi ya springi. Elfu moja, elfu mbili, elfu tatu. Mwache amalize, kisha muulize sponji ya juu ina uzito gani kwa mita ya ujazo. Wengi hapo hukwama, na hapo ndipo penye mambo. Kwenye godoro la aina hii springi ndizo zinazodumu. Kinachochoka kwanza ni lile tabaka laini lililoshonewa juu, na likishabonyea godoro zima huhesabika bovu, hata kama waya wa chini bado ni mzima kabisa. Anayenunua kwa kuhesabu springi peke yake amelipia kile ambacho kisingemsumbua na kusahau kile kitakachomsumbua.

Majina kwanza, kwa sababu madukani hutumika ovyo. Springi za mifuko, au poketi springi kama wauzaji wanavyoziita, ni springi ndogo zilizovalishwa kila moja mfuko wake wa kitambaa. Mifuko hugandishwa safu kwa safu, lakini waya wa springi moja haugusani na wa jirani. Ukiikandamiza moja, inazama yenyewe. Ubunifu huu si mpya: James Marshall aliupatia hataza nchini Kanada mwaka 1900, na kampuni ya Simmons ya Marekani ikaanza kuyatengeneza kwa mashine magodoro ya namna hiyo mwaka 1925. Springi za boneli ni nyingine. Zina umbo la kiuno chembamba, zimefungwa pamoja kwa waya, na mmoja akigeuka kitandani mwenzake anapanda na kushuka.

Pilotopu ni kama godoro jembamba lililoshonewa juu ya godoro. Utaitambua kwa mfereji unaozunguka kingo zote, kati ya tabaka la juu na mwili wa godoro. Yurotopu, mtindo mwingine wa tabaka la juu, haina mfereji huo. Tabaka lake limejazwa mpaka ukingoni na kitambaa cha pembeni kimeshonwa kuenda sawa na mwili. Yurotopu hushikilia umbo la kingo vizuri zaidi. Pilotopu hulaza kwa ulaini zaidi siku za mwanzo, na ina faida moja itakayotajwa mwishoni kabisa.

Hatua ya 1: Pima kitanda

Ondoa godoro la zamani, chukua futi kamba, pima ndani ya kitanda kutoka ubao hadi ubao, upana na urefu. Usipime godoro la zamani; sponji iliyotumika miaka mingi hutanuka pembeni na kukudanganya kwa sentimita mbili tatu.

Vitanda vyetu huchongwa kwa futi: 3½ kwa 6, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6. Futi 6 ni sentimita 183. Magodoro ya springi ya bei ya juu mengi hutoka nje, na huko vipimo ni vingine. Kingi ya Uingereza ni sentimita 150 kwa 200. Kwini ya Marekani ni 152 kwa 203, na kingi ya Marekani ni 193 kwa 203. Kwa hiyo "kingi" ya Marekani ukiipeleka kwenye kitanda cha 6 kwa 6 itazidi sentimita 10 kwa upana na 20 kwa urefu. Godoro la sponji ungeweza kulikata kwa kisu. La springi halikatwi wala halibanwi: likibanwa, kingo hupinda juu na katikati hubaki na kilima. Acha nafasi ya sentimita 1 hivi kila upande ili uweze kuchomeka shuka.

Kisha pima kimo. Magodoro haya huwa na unene wa inchi 10 hadi 14, wakati godoro la sponji ulilolizoea lina 6 au 8. Kama chaga za kitanda chako ziko sentimita 35 kutoka sakafuni, godoro la inchi 14 litakupandisha hadi sentimita 70. Ukikaa ukingoni, miguu itaning'inia. Kwa mtu wa kimo cha kawaida, sentimita 50 hadi 60 ndizo zinazofaa; mzee mwenye maumivu ya magoti au mtoto anayelala na mama yake hataifurahia 70. Nakshi za ubao wa kichwani nazo zitamezwa.

Mashuka na chandarua hukumbukwa godoro likiwa tayari chumbani. Hesabu yake ni nyepesi: upana wa godoro, ongeza unene mara mbili, ongeza inchi 6 za kuchomekea kila upande. Kwa 6 kwa 6 yenye inchi 14 ni 72 + 28 + 12, yaani inchi 112, zaidi kidogo ya futi 9. Shuka la futi 7 kwa 8 uliloliweka sanduku zima litaning'inia inchi 6 tu upande wa futi 7 na 12 upande wa futi 8, na litachomoka usiku. La lastiki lazima liwe na kina cha inchi 16. Chandarua cha duara kilichokuwa kinafika chini ya godoro la inchi 6 kinaweza kisifike tena. Pima kabla, la sivyo utalala juu ya godoro la kifahari huku mbu wakiingia kwa chini.

Hatua ya 2: Rekebisha chaga

Magodoro mengi ya springi huuawa na kitanda. Fundi seremala alikitengeneza kitanda kwa ajili ya sponji, akaweka chaga tano sita zilizoachana kiganja na nusu, na hapakuwa na tatizo. Springi ya mfuko inahitaji kusimama juu ya kitu. Ikiangukia penye uwazi inainama, inauvuta mfuko wake, na gundi ya safu huachia. Hapo utasikia godoro lina "shimo" mahali pamoja, na dukani watakuambia, kwa haki, kwamba udhamini haugusi hilo.

Uwazi kati ya chaga usizidi sentimita 7. Chaga za upana wa sentimita 8 zilizoachana sentimita 6 zitahitajika 13 kwa kitanda cha futi 6. Mbao ziwe na unene wa sentimita 2 au zaidi, kavu, zisizo na kifundo katikati. Kitanda cha futi 5 au 6 kwa upana lazima kiwe na boriti ya katikati yenye mguu wake unaogusa sakafu. Bila huo mguu boriti ni pambo. Jaribio: weka ubao ulionyooka juu ya chaga kukatiza upana wa kitanda, mwambie mtu mzima aketi katikati, uangalie chaga zinashuka kiasi gani. Zikishuka zaidi ya sentimita 1, ongeza mguu.

Wengine hutandaza plaiwudi juu ya chaga. Inakubalika ikiwa ni ya milimita 18 na imetobolewa matundu ya sentimita 2 au 3 kila baada ya sentimita 20. Plaiwudi isiyo na matundu, hasa mwambao, huzaa ukungu chini ya godoro ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Hatua ya 3: Chunguza tabaka la juu

Hapa usione haya kuuliza maswali mengi. Taka kipande cha kuonyeshea, kile kilichokatwa ubavuni ili kuonyesha matabaka. Duka linalouza godoro la kifahari linapaswa kuwa nacho. Ukikipata, hesabu matabaka kutoka juu: kitambaa kilichodariziwa na sponji nyembamba, kisha sponji ya pilotopu yenyewe, kisha feliti (nyuzi zilizogandamizwa kuwa kitambaa kizito) au usumba wa nazi, kisha springi. Lile la feliti au usumba ni jembamba na halimvutii mtu, lakini bila hilo springi huila sponji kutoka chini.

Uzito wa sponji ndio uhai wake. Husemwa kwa kilo kwa mita ya ujazo, na unaweza kuupima mwenyewe kwa mizani ya jikoni. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10 ni lita moja. Gramu zake ndizo kilo kwa mita ya ujazo. Kikiwa na gramu 30, sponji ni ya 30. Kipande cha 20 kwa 10 kwa 5 nacho ni lita moja. Kikiwa nusu lita, zidisha gramu mara mbili.

Chini ya 25, iache kwa chumba cha wageni. Kwa matumizi ya kila siku itaanza kutengeneza bonde kabla mwaka haujaisha. Kati ya 28 na 32 inafaa kwa watu wepesi. Kwa wawili wanaolala kila siku, hasa mmoja akikaribia kilo 90, tafuta 35 au zaidi. Ile sponji inayozama taratibu na kubaki na alama ya kiganja, inayoitwa memori fomu, isiwe chini ya 50. Mpira wa lateksi una uzito wa 65 hadi 85 hivi, na ndio unaorudi umbo lake kwa miaka mingi kuliko zote.

Kuna ujanja mmoja. Kiwanda kinaweza kuongeza unga wa chokaa kwenye sponji ili ipime nzito. Isugue kona ya kipande kati ya vidole: ikiachia unga au ikavunjika kama mkate mkavu, uzito huo ni wa chokaa. Sponji nzuri huvutika kwanza ndipo ikachanika.

Unene nao una kikomo. Pilotopu ya sentimita 5 hadi 7 inatosha. Ukiona ya 10 au 12 iliyojaa sponji laini, jua kwamba hiyo ndiyo itakayobonyea kwa kina zaidi, kwa sababu kila sentimita ya sponji hupoteza sehemu yake. Ulaini wa dukani ni mtamu kama asali, lakini pilotopu haigeuzwi juu chini. Upande mmoja tu ndio unaolaliwa, siku zote. Waliolelewa juu ya godoro la sufi wanajua tofauti: sufi ikigandamana, fundi hufumua, huichambua na kuijaza upya. Pilotopu haina fundi wa namna hiyo.

Ikiwa kipande cha kuonyeshea hakuna, piga goti moja katikati ya godoro na ulegeze uzito wote. Ukisikia vichwa vya springi kupitia sponji, tabaka ni hafifu. Kisha simama, uhesabu mpaka thelathini, uangalie alama ya goti. Sponji ya kawaida inapaswa kuwa imerudi. Memori fomu huchukua muda zaidi kidogo, na hilo si kosa.

Hapa lazima isemwe wazi: kwa wanunuzi wengi, godoro la springi za mifuko lisilo na pilotopu, pamoja na godoro jembamba la lateksi la inchi 2 au 3 la kutandika juu, ni ununuzi wa busara zaidi. Tabaka la juu likichoka unalibadilisha peke yake, na godoro la chini unaweza kuligeuza kama limetengenezwa kwa pande mbili. Kasoro yake ni kwamba machoni halipendezi sana kama pilotopu. Lakini kama umekwisha kuamua pilotopu, endelea.

Hatua ya 4: Springi zenyewe

Idadi inayotajwa kwenye matangazo mara nyingi ni ya kingi ya Uingereza, 150 kwa 200, yaani mita 3 za mraba. Godoro lako la 5 kwa 6 lina mita 2.78, la 6 kwa 6 lina 3.35, la 4 kwa 6 lina 2.23. Springi 1000 za kingi ni kama 333 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo la 5 kwa 6 la aina hiyo litakuwa na springi 926 hivi, na hakuna aliyekuibia. Linganisha magodoro kwa idadi ya mita moja ya mraba, si kwa jumla.

Hesabu hiyo hiyo hufichua uongo. Springi 333 kwa mita ya mraba zina nafasi ya sentimita 5.5 kwa 5.5 kila moja, ukubwa wa kawaida. Kwa 2000 za kingi, kila springi imebaki na chini ya sentimita 4. Kwa 5000, kila moja ingekuwa na sentimita mbili na nusu, kitu ambacho hakiwezi kuwa safu moja ya springi za kubeba mwili. Maana yake wamejumlisha safu mbili: zile kubwa za chini na springi ndogo za kimo cha sentimita 2 hadi 5 zilizowekwa ndani ya pilotopu. Hizo ndogo si ulaghai. Kwa kweli ni jambo jema, maana hazibonyei kama sponji. Uliza tu kubwa ni ngapi na ndogo ni ngapi. Kati ya 300 na 400 kubwa kwa mita ya mraba panatosha kabisa. Kuongeza zaidi ya hapo huleta tofauti ndogo kuliko bei inavyodai.

Unene wa waya unasema mengi kuliko idadi. Geji, yaani namba ya unene wa waya, huhesabiwa kinyume: namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Geji 13 ni milimita 2.3 hivi, 14 ni 2.0, 15 ni 1.8. Usidharau tofauti hizo ndogo: springi mbili za umbo moja, ya waya wa 2.0 huwa ngumu mara moja na nusu kuliko ya 1.8. Mtu wa kilo 60 analala vizuri juu ya 1.8. Wa kilo 100 aanzie 2.0.

Mpangilio una namna mbili. Safu zilizonyooka kama mahindi shambani huacha mapengo kwenye pembe nne. Safu zilizopishana kama sega la nyuki hujaza mapengo hayo na kuwa imara zaidi. Ukingo nao uulize: je, umezungushiwa ukuta wa sponji ngumu, au safu za springi za waya mnene? Zote zinafaa. Keti ukingoni kama unayevaa viatu. Ukitelezeshwa chini, utalala kitanda cha 6 kwa 6 ukitumia 5.

Mwisho hakikisha ni za mifuko kweli, kwa maana boneli iliyofunikwa pilotopu nene haitambuliki kwa macho. Simamisha chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya godoro, kisha kandamiza kwa nguvu, kwa ngumi mbili, sentimita 30 kutoka kwenye chupa. Boneli huiangusha au kuitikisa sana, na mara nyingine hulia. Springi za mifuko humwacha jirani atulie.

Hatua ya 5: Lala juu yake

Nenda jioni baada ya kazi, ukiwa na nguo nyepesi, mkiwa wawili kama mnalala wawili. Kabla ya kulala angalia godoro limewekwa juu ya nini. Maduka mengi huyapanga magodoro moja juu ya jingine, na la juu kabisa hupata ulaini wa yote yaliyo chini yake. Omba lishushwe liwekwe kwenye kitanda chenye chaga. Pia kumbuka godoro la maonyesho limekwisha kulaliwa na mamia ya watu. Lako jipya litakuwa gumu zaidi miezi ya mwanzo.

Lala dakika 15 kwa mkao wako wa usiku, si chali huku umekunja mikono kama uliyepigwa picha. Kwa anayelala ubavu, mtu mwingine asimame nyuma yake apige picha kwa simu: uti wa mgongo uwe mstari mnyoofu kutoka shingoni hadi kiunoni. Nyonga ikizama kuliko bega, godoro ni laini mno. Bega likibaki juu na mkono ukaanza kufa ganzi, ni gumu mno. Kwa anayelala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa ulegevu, godoro ni gumu. Kisipopita kabisa, umezama. Kikipita kwa kusuguana kidogo, ndicho. Anayelala kifudifudi na apewe ukweli: pilotopu si godoro lake. Tumbo huzama, mgongo hupinda, na asubuhi huamka akishika kiuno.

Neno "othopediki" lililodariziwa kwa uzi wa dhahabu halina kipimo chochote nyuma yake. Kila kiwanda huliandika kinavyotaka.

Wenza wenye uzito unaotofautiana sana, tuseme kilo 55 na 100, huumizana kwenye ugumu mmoja. Viwanda vinavyotengeneza kwa oda vinaweza kuweka waya wa 1.8 upande mmoja na 2.0 mwingine ndani ya godoro moja. Ukipata hivyo, weka alama ya upande, na ukilizungusha godoro kumbukeni kubadilishana nafasi au msilizungushe kabisa.

Hatua ya 6: Hewa ya unakoishi

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Zanzibar: joto, unyevu na chumvi. Memori fomu huko hulalika kama jiko lililofunikwa. Chagua lateksi au springi ndogo ndani ya pilotopu, na kitambaa cha juu cha pamba. Tafuta vitundu vya hewa vya chuma au wavu ubavuni, visivyopungua vinne, na uulize kama waya umepakwa zinki. Chumvi ya hewani haina haraka, lakini jasho na kikojozi humwagia springi maji kila usiku, kwa hiyo kava lisilopitisha maji ni la lazima. Chagua la kitambaa chenye utando mwembamba kwa ndani, si lile la nailoni linalopiga kelele kama mfuko wa dukani.

Njombe, Iringa, Limuru na nyanda nyingine za baridi, shida ni kinyume. Memori fomu hukakamaa usiku wa baridi na kumlaza mtu juu ya kitu kama ubao mpaka mwili uipashe moto. Sponji ya kawaida nzito au lateksi haibadiliki hivyo.

Ule mfereji wa pilotopu, popote unapoishi, ndiyo makazi anayoyapenda kunguni. Ukague kwa tochi kabla ya kulipia, hasa kama godoro limetoka kwenye hoteli au nyumba ya mtu.

Hatua ya 7: Karatasi

Usilipe mpaka risiti iandikwe vipimo kwa sentimita, aina ya springi, uzito wa sponji na ugumu. "Godoro moja kubwa" si maelezo. Kwa linalotengenezwa nchini, tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, kwenye lebo iliyoshonewa. Usiikate lebo hiyo, maana udhamini mwingi hukataliwa ikikosekana.

Kwenye udhamini soma mambo matatu tu: kina cha bonde kinachohesabika kuwa kasoro, miaka inayolipwa kwa ukamilifu, na yanayoufuta. Kina mara nyingi ni kati ya sentimita 2.5 na 3.8, bila mtu kulala juu. Udhamini wa miaka kumi unaweza kuwa wa miwili kamili na minane ya kuchangia gharama. Yanayoufuta ni madoa, chaga mbaya, na kulikunja.

Hatua ya 8: Usafiri na siku ya kwanza

Halikunjwi. Wabeba mizigo watataka kulikunja liingie mlangoni au kulifunga kwa kamba juu ya bajaji. Godoro la springi lililokunjwa hupinda waya wa ukingo na kuzichana gundi za mifuko, na halinyooki tena. Lile lililofungwa kiwandani likaviringishwa ndani ya boksi ni habari nyingine. Limetengenezwa kwa hilo, ila ukishalifungua huwezi kulirudisha. La kawaida lisafirishwe limesimama kwa ubavu ndani ya pikapu au kirikuu, limeegemea ubao mnyoofu, likiwa na watu wawili, kwa kuwa uzito wake ni kilo 30 hadi 50. Pima kona ya ngazi kabla gari halijafika.

Kabla ya kusaini, pima pembe hadi pembe mara mbili kwa mshazari. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya sentimita 2, godoro limepinda. Kandamiza kila kona. Kisha toa nailoni yote, hata kama wageni wanakuja na unataka waone ni jipya. Nailoni hufungia jasho ndani, na ukungu huanzia mshononi. Acha madirisha wazi siku moja au mbili harufu ipungue. La boksi lipe saa 48 hadi 72 livimbe.

Hatua ya 9: Kulitunza

Lizungushe kichwa kiende miguuni kila wiki mbili kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu. Kwa muda huo litapungua sentimita 1 au 2 mahali mnapolala. Ndiyo sponji inavyotulia. Watoto wasilirukie. Usikae kila siku mahali pamoja ukingoni kuvaa viatu. Mara moja kwa mwezi lisimamishe ukutani saa chache, feni ikipuliza upande wa chini.

Ukihisi bonde, vuta uzi kutoka ukingo hadi ukingo ukatize sehemu iliyozama, uukaze, kisha simamisha rula kutoka kwenye uzi hadi kwenye kitambaa. Piga picha rula ikionyesha namba pamoja na chaga zako, uipeleke na risiti. Picha ya mtu akiwa amelala juu haitakubaliwa.

Na kama udhamini umekwisha, bonde lipo, lakini ukikandamiza kando yake unasikia springi zinajibu kwa nguvu sawa kila mahali, usilitupe. Hapa ndipo pilotopu inapoishinda yurotopu. Fuata ule mfereji kwa wembe wa kufumulia nguo, kata mshono polepole kuzunguka kote, uliondoe tabaka la juu. Chini utakuta feliti au kitambaa kizito kilichobanwa kwa pete za waya. Zikague moja moja, uzibane zilizolegea kwa koleo ili ncha zisitokeze. Funika kwa kitambaa cha turubai la pamba, fundi wa makochi alishonee kwenye ukingo ule ule, kisha tandika godoro jembamba la lateksi la inchi 3. Pima unene mpya kabla ya kukata mashuka.